Mwaka Video ya Kukhu Ilipokwama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza. Kompyuta ya jirani yangu Mama Nanjala iliposhindwa kucheza video, nilienda saiba, duka la intaneti mjini, nikapakua furushi la kodeki, zile programu ndogo zinazoifundisha kompyuta kufungua picha zilizokunjwa ndani ya faili. Halikusaidia, nikaongeza la pili. Nikaongeza la tatu, pamoja na programu nyingine mbili za kuchezea video. Kufikia jioni, hata zile video za kwaya zilizokuwa zikicheza vizuri tangu kompyuta inunuliwe zilikuwa zinatoa sauti bila picha, na moja ilionyesha waimbaji wamepinduka, miguu juu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo, na watu wa ploti yetu ya nyumba za kupanga huko Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, walikuwa wameshaanza kuniita Injinia. Niliizima ile kompyuta, nikaifunika kwa kitambaa chake, nikamwambia Mama Nanjala kwamba inahitaji kupumzika.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilienda kuwasaidia kuhama. Mama Nanjala na mume wake wamejenga Moiben, kwenye shamba walilokuwa wakilizungumzia tangu nikiwa kijana, na Nanjala, binti yao mkubwa, alinipigia simu. "Ochieng, kuja utusaidie kubeba. Lakini usianze kupanga maboksi kwa ukubwa, lori haina hiyo time." Ananijua. Nilibeba, na kweli nikayapanga kwa ukubwa, na walipotoka kufunga turubai nikabaki peke yangu sebuleni. Chumba kikiwa kitupu huonekana kidogo kuliko kilipokuwa kimejaa, sijui ni kwa nini. Ukutani palikuwa na mstatili wa rangi safi pale ilipokaa meza ya kompyuta, na sakafuni vishimo vinne vilivyochimbwa na miguu ya meza ya mashine ya kufuma. Mwaka ule niliishi zaidi ndani ya chumba hiki kuliko ndani ya chumba nilichokuwa nalala, ng'ambo ya ua. Mama Nanjala alikuwa anafuma sweta za shule, za kijani na za maruni, na nyuzi zilikuwa kila mahali, hadi ndani ya sukari. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, imetoka ofisi fulani ya mjini iliyokuwa inabadilisha mashine zake, na skrini yake ilikuwa na mgongo mnene kama gunia la mahindi. Ilivishwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, sawa na kila kitu kingine mle ndani: redio, makochi, hata mtungi wa gesi.

Mwanzoni mwa mwaka huo mama yake Mama Nanjala, ambaye sote tulimwita Kukhu kama wajukuu wake walivyomwita bibi yao, alifariki nyumbani kwake upande wa Bungoma. Mama Nanjala alikuwa hospitalini. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, msichana, kwa upasuaji, na kidonda hakikuwa kimekauka. Daktari alimkataza kusafiri, na wazee wa nyumbani nao wakatuma neno kwamba mama mwenye mtoto mchanga kiasi hicho hasogei kaburini. Kukhu akazikwa bila binti yake. Ndugu yake mdogo, Wekesa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, alirekodi mazishi yote kwa ajili ya dada yake. Na kwa sababu alimpenda, aliazima kamera mpya kuliko yake, akaiweka kwenye ubora wa juu kabisa. Shida yetu ilianzia hapo. Angempenda kidogo tu, video ingecheza.

Nilipoifungua mara ya kwanza, sauti ilitoka safi. Mwongoza shughuli alikuwa anawaita watu waketi, kuku analia mahali, mtoto anakohoa. Picha ndiyo iliyoshindwa. Mwanamke aliinua mkono, mkono ukabaki hewani. Tulisubiri. Tulipomwona tena alikuwa upande wa pili wa hema, ameshakaa, na mkono wa mwanamume mwingine ndio uliokuwa hewani. Sauti ilikuwa imefika kwenye maombi wakati picha bado inaonyesha watu wakishuka kwenye magari. Kochini alikuwa Senge, yaani shangazi ya Nanjala, dada ya baba yake, aliyekuja kusaidia kulea mtoto na ambaye alikuwa hana siri na mtu. "Injinia," akasema, "hii picha yako iko na kigugumizi." Nanjala akacheka hadi akamwaga chai. Mama Nanjala hakucheka. Alitazama kidogo, mtoto begani, kisha akasema, "Zima tu. Siwezi kuona mama yangu akizikwa kwa kurukaruka." Akarudi kwenye mashine yake ya kufuma, chuma kikaanza kwenda na kurudi.

Jiko lilitenganishwa na sebule kwa mbao tu, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kompyuta alisikia kila neno la huko hata akiwa hataki. Siku chache baadaye nilikuwa naondoa yale mafurushi niliyokuwa nimeongeza, mojamoja, na wao wawili walikuwa wanachambua mboga ya mrenda. Mtoto alikuwa analia. Alilia sana miezi ile.

"Huyu mtoto ataitwa Baby mpaka lini?" Senge aliuliza.

"Mpaka nione."

"Uone nini? Mtu akizikwa amezikwa. Wekesa alikuwa huko, mimi nilikuwa huko, macho yetu si ni macho? Mtoto analia jina. Na jina la bibi yake unalijua."

"Nalijua."

"Sasa mpatie."

Mama Nanjala akajibu. "Senge, nikimwita Nasimiyu leo, nitakuwa ni kama naita mama yangu aje kula. Kwa kichwa yangu bado yuko kwake nyumbani anapepeta maharagwe. Siwezi kupatia mtoto jina ya mtu kama sijaona ameenda."

Niliacha kubonyeza. Hadi dakika ile nilikuwa nimeichukua kazi hii kama mtihani wangu mwenyewe, kitu cha kuthibitisha kwamba mtu anaweza kujifunza kompyuta bila darasa. Sasa nikajua kwamba kuna mtoto asiye na jina kwa sababu ya mashine niliyokuwa nimeikalia. Niliaga bila kumaliza chai, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa karibu na tusi, nikaenda kulala mchana.

Nilijifunza taratibu, kwa kwenda saiba na kuokoa kurasa kwenye flashi, kisha kuzisoma nyumbani kwa utulivu. Nilichoelewa ni hiki. Video haikai ndani ya faili kama picha zilizopangwa kwenye albamu; ingekuwa hivyo, hakuna diski ambayo ingezitosha. Inaandika picha moja nzima, halafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika: mkono umesogea hapa, jani limetikisika pale. Plea, ile programu ya kuchezea video, inapoicheza lazima ifanye hesabu ya kuzirudisha picha hizo nzima, ishirini na tano kila sekunde, na kadiri picha ilivyo kubwa ndivyo hesabu inavyokuwa nzito. Kompyuta za siku hizi zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Ile ya Mama Nanjala ilikuwa na ubongo mmoja tu, prosesa iliyozeeka, inayofanya kila kitu peke yake, na ilipochelewa plea ilitupa picha ili iifikie sauti. Nilimweleza Mama Nanjala haya akiwa anafuma, nikitarajia aitikie kwa heshima tu. Badala yake alisimamisha mashine. "Kwa hivyo ni kama mstari wa sweta," akasema. "Huu wa juu umeshikwa na ule wa chini. Ukiruka moja, zote za juu zinafumuka." Nikamwambia ni hivyo hasa, na ndiyo maana picha ikishatupwa, zinazofuata huja na viraka. "Sasa kwa nini hukusema hivyo mapema? Wewe unaongea tu prosesa, prosesa." Kuanzia siku hiyo alianza kuniuliza habari za hiyo kazi kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

Mahindi yalipandwa, yakatoka, yakafika magotini, nami nilikuwa bado kwenye faili ileile. Nilifunga kila programu iliyokuwa ikila nguvu pasipo sababu. Niliingia kwenye mipangilio ya ndani ya plea, nikaiambia iache kulainisha kingo za picha, na kweli ikakimbia kidogo, lakini watu wakawa na nyuso za matofali. Niliirudisha ilivyokuwa. Kwenye plea kuna kidirisha kinachoonyesha ni fremu ngapi, yaani picha mojamoja, zimepotea tangu video ianze, na kidirisha hicho kilinishika kama ugonjwa. Sikuwa natazama mazishi tena, nilikuwa natazama ile namba. Nilitaka iwe sifuri. Nanjala, akiwa amevaa sweta ya shule na vitabu mapajani, aliniambia, "Buda, wewe ndio umekwama, si video." Nilikasirika siku mbili.

Mwishowe niliamua kuipunguza video yenyewe, kutengeneza nakala ndogo ambayo prosesa ile ingeweza kuimudu. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima kila nilipojaribu, na mvua ya Eldoret haimalizi mchana bila kuzima stima. Mara mbili taa zilipotea kazi ikiwa imekaribia kuisha, na nakala yote ikapotea. Mama Nanjala aliniletea nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha kwetu sisi watu wa ziwa ambacho yeye alikipika akisema ni cha kwao, na tukabishana juu ya hilo gizani huku mvua ikipiga mabati. Hizo ndizo saa ninazozikumbuka kwa upendo kuliko zote za mwaka ule. Stima ikiwa imezimika hakuna aliyenitegemea kwa lolote.

Kila nakala niliipima kwa sehemu ileile moja: pale kwaya inapoingia uwanjani ikicheza, sare zinapepea, vumbi linapaa. Mwendo mwingi ndio unaoichosha prosesa, kwa hiyo nikasema ikipita hapo itapita kote. Sehemu ya kuaga mwili niliiruka kila mara. Nilikuwa nikifika pale jeneza linapofunguliwa nasogeza mbele haraka, nikiwa nimegeuza macho. Kwetu, na kwao pia, mtu wa nje hatangulii kumtazama marehemu wakati mtoto wake mwenyewe hajamwona. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Niliona ni adabu, na hata leo siwezi kusema haikuwa adabu.

Mahindi yakiwa yamekauka shambani, ile namba ikawa sifuri. Kwaya iliingia, ikacheza, ikatoka, na hakuna fremu hata moja iliyopotea. Nilimwita Mama Nanjala aone. Alifuta mikono kwa leso, akatazama kwaya kidogo, akaniambia niisimamishe hapo. "Sitaki kuona peke yangu. Wacha niite watu."

Akaita akina mama wa kanisani kwake, Jumapili baada ya ibada. Makochi yaliondolewa vitambaa, jambo lililonionyesha uzito wa siku. Kulikuwa na kuku, ugali wa mtama, na chai ya maziwa iliyochemka hadi ikabadilika rangi. Akina mama waliingia wakiimba, wakamkumbatia Mama Nanjala mmoja baada ya mwingine, wakaketi kama watu waliofika matangani, maana hapo ndipo walipofika. Mmoja wao aliniuliza kama mimi ndiye yule Mjaluo wa kompyuta, na nilipokubali akasema, "Leo tutajua kama ni shule ama ni mdomo." Mimi nilikuwa nimenawa mikono mara nyingi hadi ngozi ikawa inavuta.

Ilicheza. Naomba nikiri kwamba kwa muda mrefu wa mwanzo nilikuwa na furaha isiyofaa kwenye msiba. Magari yalifika, watu wakashuka, sauti na picha zikaenda pamoja kama maji. Akina mama waliwatambua watu kwa nguo na kwa mwendo. Mwongoza shughuli aliwaita watoto wa marehemu wasimame, na alipofika kwa Mama Nanjala akasema kwamba huyo yuko hospitalini Eldoret na Mungu amemjalia mtoto, na Senge ndani ya video akaenda kusimama mahali pake. Senge wa kochini akasema, "Hapo viatu vilikuwa vinaniua." Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Kisha jeneza likafunguliwa chini ya hema, na Wekesa akasogea na kamera hadi juu ya uso.

Uso haukuwepo. Palikuwa na rangi ya kahawia na rangi ya kitambaa cheupe, na katikati kitu kama alama ya kidole iliyopanguswa. Chini ya hema palikuwa na kivuli, na kupunguza kwangu kote kulikuwa kumechukua ubora wa picha kutoka hapo, mahali pasipo na mwendo, ili kulipia mwendo wa kwaya. Mama Nanjala alisogea mbele hadi magoti yakagusa meza. "Huyu ni mama?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni. Video iliendelea kwa ulaini wake, watu wakapita mbele ya jeneza, wakajifunika nyuso. Ile namba pale pembeni ilikuwa bado sifuri.

Nilitaka kutoka nje. Nilishainuka, na naamini ningeenda hadi barabarani, lakini Senge alikuwa amekaa kati yangu na mlango na miguu yake ilikuwa mirefu. "Kaa chini," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya kigugumizi iko wapi?"

Nikamwambia ipo, lakini haichezi.

"Nani amesema icheze? Mtu amekufa, anaenda wapi? Isimamishe mahali yuko."

Nilikuwa nimesoma miezi yote ile na sikuwahi kufikiria hivyo. Picha iliyosimama haina haraka. Prosesa inaifungua hiyo moja tu, kwa muda wowote inaohitaji. Nilifungua faili ya Wekesa, nikazima sauti kwa kuwa ilikuwa inakimbilia mbele, nikasogeza hadi pale hema lilipo na kusimamisha. Kwanza ilikuja na ukungu wa kijivu, kisha ikaanza kujikusanya, viraka vikipata rangi, hadi uso ukatulia. Hapo ndipo mimi pia nilipomwona Kukhu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na mtu alikuwa amemfunga kitambaa cha kichwa vibaya kidogo, upande mmoja juu kuliko mwingine.

"Nani alimfunga hivyo?" Mama Nanjala aliuliza.

"Mimi," Senge akasema. "Mikono ilikuwa inatetemeka."

Mama Nanjala aliweka kiganja kwenye kioo, pale kilipoinuka kile kitambaa, kama anayetaka kukishusha. Ndipo alipolia, kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu hospitalini, na akina mama wakaanzisha wimbo wao wenyewe kwa sababu video haikuwa na sauti. Sikugusa kitu. Alipotulia akasema, "Sogeza." Nikasogeza kidogo, nikasubiri ukungu uondoke, nikasimamisha. Wale waliokuwa wamehudhuria walieleza: hapa huyu alikuwa anasema hivi, hapa mvua ilitisha kunyesha, hapa ndipo kijana fulani alianguka. "Sogeza." Tulienda hivyo hadi kaburini, na hadi udongo, na hadi maua ya plastiki. Wasiohudhuria walikuwa wanauliza majina, na kila jina lilihitaji picha kusimama. Chai ilipashwa moto mara kadhaa. Ng'ombe wa majirani walikuwa wanarudi wakati nilipofika kwenye picha ya mwisho, ambayo ilikuwa kiatu cha Wekesa, kwa maana alisahau kuzima kamera.

Mama Nanjala aliomba apewe mtoto. Mtoto alikuwa analia, kama kawaida yake. Alimshika kwa mikono miwili mbele yake, akamtazama, na akasema bila kupaza sauti, "Nasimiyu. Umeitwa Nasimiyu." Akina mama walipiga vigelegele. Mtoto hakunyamaza. Mmoja wa akina mama akasema pengine hakulipenda, na Senge akasema, "Sasa hiyo ni njaa," na akamwambia Mama Nanjala amnyonyeshe.

Leo nina duka dogo mjini, nahamisha na kutengeneza video za zamani za watu: harusi, mazishi, mahafali. Kompyuta ninazotumia zingecheza faili ya Wekesa bila hata kupata joto. Bado ni mtu wa wasiwasi, na bado nikiachwa peke yangu na namba nitaifukuza hadi sifuri. Kilichobadilika ni utaratibu wangu. Kabla sijagusa mpangilio wowote, namketisha mwenye video mbele ya skrini, tunaitazama pamoja yote, hata kama inakwama, na ninamwacha yeye aniambie pa kusimamisha.